Presence si albamu dhaifu, anza na wimbo sahihi

Anayesema Presence ya bendi ya roki ya Uingereza Led Zeppelin (1976) ni kavu hajakosea, ila ukavu huo ndio utamu wake. Kinanda hakuna kabisa, na mwimbaji wao Robert Plant aliimba akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari kisiwani Rhodes, Ugiriki. Usianze na Tea for One, utaiona marudio ya wimbo wao wa zamani Since I've Been Loving You. Anza na Achilles Last Stand, zaidi ya dakika 10, tena kwa hedifoni: fuata besi ya nyuzi 8 ya John Paul Jones inavyokimbia chini ya magitaa ya Jimmy Page yaliyorekodiwa tabaka juu ya tabaka. Spika ya simu huimeza besi hiyo, zikabaki kelele tu. Halafu For Your Life, taratibu.