Enka ikiteguka, weka mbali maji ya moto

Ujumbe wa wiki hii ni mwingi. Najibu maswali matano, waliouliza kuhusu mgongo wanivumilie.

*Niliteguka enka kwenye ndondo wiki tatu zilizopita. Mzee mmoja mtaani alinichua kwa maji ya moto na chumvi siku tatu mfululizo, bado imevimba. Kocha ananitaka Jumamosi. (Kijana, Temeke)*

Pole, mdogo wangu. Siku ile uliweza kutembea hatua nne, hata kwa kuchechemea? Na ukibonyeza ncha ya ule mfupa unaotokeza pembeni ya enka, au ukingo wake wa nyuma, unaruka kwa maumivu? Kama hatua zilikushinda, au mfupa wenyewe unauma, nenda kapige eksirei kabla mtu mwingine hajakugusa. Kipimo hiki kilitungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na bado kinatumika. Kinataka kidole tu.

Mzee wako najua alikuwa na nia njema. Ila siku za mwanzo vishipa vya damu vimechanika, ndiyo maana panavimba. Ukipamwagia maji ya moto na kupakandamiza, unazidisha uvimbe. Pale ilitosha bendeji na kuinua mguu juu ya mto. Sasa kazi ni nyingine. Simama kwa mguu huo mmoja unapopiga mswaki. Ukizoea, fumba macho, uone unavyoyumba kama mlevi. Kano zikiteguka hupunguza ule uwezo wa kuujulisha ubongo mguu umekaaje, na usipourudisha kwa mazoezi, enka itateguka tena kwenye shimo dogo tu la uwanja.

Kuhusu Jumamosi: ruka kwa mguu huo mmoja, mbele na pembeni, kisha kimbia ukate kona. Ukijikuta unauonea huruma, huchezi. Mwambie kocha nimesema mimi.

*Barafu niweke muda gani? Wengine wanasema isitumike kabisa.*

Dakika 10 hadi 15, juu ya kitambaa, kwa ajili ya kutuliza maumivu. Usitarajie zaidi ya hapo. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin, aliyeeneza mwaka 1978 ule utaratibu wa kupumzika, kuweka barafu, kubana na kuinua, mwenyewe aliandika mwaka 2014 kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona. Namheshimu kwa kukubali kujisahihisha.

Pipa la maji ya barafu ni habari tofauti. Ukiwa na mechi leo na nyingine keshokutwa, ingia. Ukiwa unanyanyua vyuma ili ujenge misuli, liache: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wanaume kwa wiki 12, na waliokaa dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 10 kila baada ya mazoezi walipata misuli na nguvu kidogo kuliko wenzao.

*Nakimbia nusu marathoni. Kano ya kisigino inauma kila asubuhi. Nikipumzika mwezi inatulia, nikirudi barabarani inaanza upya. (Mkimbiaji, Arusha)*

Kupumzika kunatuliza maumivu, lakini kano inazidi kuwa dhaifu. Hapa nina kisa ninachokipenda. Daktari wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, aliumwa kano hiyohiyo. Mwenyewe husimulia kwamba alimwomba mkuu wake ampasue, akakataliwa, basi akaamua kuibebesha mzigo mpaka ikatike ili asiwe na budi kupasuliwa. Haikukatika. Ilipona!

Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya zoezi lake: simama ukingoni mwa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, panda kwa mguu usiouma, kisha shusha kisigino cha mguu unaouma polepole chini ya ukingo. Mara 15, mizunguko mitatu, goti likiwa limenyooka. Kisha vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Wote walirudi kukimbia. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa; yakizidi kesho yake asubuhi, punguza. Ukisikia mlio wa "pa!" kama umepigwa teke kisiginoni, acha zoezi, wahi hospitali.

*Kuchuliwa kunatoa asidi ya maziwa inayoumiza misuli?*

Hapana. Asidi hiyo huondoka yenyewe takriban saa moja baada ya kukimbia. Maumivu ya kesho na keshokutwa ni ya michaniko midogo ndani ya msuli. Kuchuliwa kunaburudisha, nami napenda, lakini usingizi wa saa nane unakusaidia zaidi, tena bure.

*Binti yangu alipasuliwa goti, ukano wa katikati ulikatika. Miezi sita imetimia, hana maumivu, klabu inamhitaji. (Mama, Tanga)*

Mama, mzuie. Ukano mpya haumwumi, lakini bado haujakomaa. Utafiti wa Norway wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi aliosubiri mchezaji, hadi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Mwezi wa tisa ukifika, apimwe: mguu uliopasuliwa ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake, na vivyo hivyo kwa umbali wa kuruka. Klabu ikipiga simu tena, wape tarehe ya kipimo hicho, si ya mechi.