Uingereza Gani? Kwa Makarani Wapya wa Fito

Wiki jana kijana wetu mmoja mpya alituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la wakulima: "Kanuni mpya za Uingereza zimeanza leo." Hazikuwa zimeanza. Alichosoma ni taarifa ya serikali ya Wales kwa bunge lake, kwamba mawaziri wa Cardiff wameridhia marekebisho ya kanuni za afya ya mimea yanayoandaliwa London. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimepigiwa simu na wakulima tisa, na mmoja alikuwa ameshasimamisha uchumaji. Sikumkaripia sana. Nilimnunulia chai na mandazi, kisha nikakaa kuwaandikia haya ninyi mnaoshughulika na fito, vile vyeti vya afya ya mimea vya mazao yanayokwenda nje, kwa sababu yeye ni wa nne kuteleza hapo hapo, na mimi niliteleza vibaya kuliko wote wanne.

1. Kuridhia si kuanza. Sisi Wakenya ndio tulipaswa kulielewa hili upesi, maana ugatuzi tunaishi nao tangu 2013. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti kazi ya kudhibiti magonjwa ya mimea, lakini fito unaifuata Kephis, shirika la kukagua afya ya mimea, kwa serikali kuu. Kwao Uingereza pia afya ya mimea imegatuliwa. Waziri wa London anaweza kutunga kanuni moja ikatumika England, Scotland na Wales kwa pamoja, ila kwa hizo mbili za mwisho lazima Edinburgh na Cardiff zikubali. Wala si mambo ya adabu tu. Scotland ina mbegu za viazi na misitu mikubwa ya sprusi, na mdudu kama Ips typographus, yule mbawakawa wa magome aliyeonekana Kent mwaka 2018, si wa kumchekea. Baada ya ridhaa kuna kutia saini, kuna kuwasilisha bungeni, halafu ndiyo ije tarehe ya kuanza kutumika. Mtumieni mkulima hiyo tarehe ya mwisho peke yake. Hayo mengine yabaki ofisini, tutayanywea chai.

2. Fito ikishapita siku 14 tangu itolewe, kabla shehena haijaondoka, omba nyingine.

3. Jina la kisayansi liwepo. "Pasheni" ni la sokoni, kwenye cheti ni Passiflora edulis. Na kwa kuwa nimeitaja pasheni, ngoja nitubu.

4. Kiswahili chetu kina neno moja, Uingereza, na tumelibebesha nchi nne. Tangu London iachane na Umoja wa Ulaya, orodha zao za matunda yasiyohitaji fito si moja. Ulaya inasamehe matano tu: nanasi, nazi, doriani, ndizi na tende. London imesamehe mengine zaidi, yakiwemo maembe na pasheni. Lakini msamaha huo ni wa England, Scotland na Wales. Ireland Kaskazini, ingawa mfalme wao ni yule yule, kwenye afya ya mimea inafuata Ulaya.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyapigia mstari kwa wino wa njano. Alhamisi moja mteja wetu wa London akaandika kwamba wiki hiyo katoni 60 za pasheni ziende kwa mwenzake Belfast, Ireland Kaskazini, zikipitia Dublin, ambayo ni Umoja wa Ulaya kabisa. Nikajaza "UK" kwenye karatasi ya maagizo, kama kila wiki. Fito ya nini? Pasheni ya UK haina fito. Tena nikajisifu kwa mkuu wangu kwamba nimeokoa ada ya ukaguzi.

Ijumaa usiku ndege ikaruka. Jumapili nikiwa kanisani simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa picha: katoni zetu zimezungushiwa utepe, moja imefunguliwa, matunda yamejipanga kwa mistari, zambarau tupu, bila doa. Mdudu hakuwepo hata mmoja. Karatasi pia haikuwepo.

Jumatatu nilimdaka mkaguzi kabla hajavua koti, nikamwomba fito ya tarehe ya Alhamisi. Alinitazama kwa huruma. "Kaka, nikague nini? Matunda yako Dublin, wewe uko hapa." Yakateketezwa, na gharama ya kuyateketeza tukalipa sisi.

Jioni ikabidi nimpigie mama wa Embu aliyeyachuma. Nilikuwa nimejiandaa na maelezo marefu ya Brexit. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mwanangu, yalikuwa na ugonjwa?"

"Hapana, mama."

"Yalikuwa yameoza?"

"Hapana."

"Basi aliyekuwa mgonjwa ni nani?"

Nilimlipa kwa awamu tatu, kutoka mshahara wangu. Awamu ya pili nilichelewa, na hakunipigia kunikumbusha. Hilo liliniuma kuliko picha ya utepe.

5. Andika uwanja itakapotua shehena na mji itakapoishia. Nikikuta "UK" peke yake kwenye karatasi ya maagizo nitaichana mbele yako, na nitaichana nikitabasamu.

6. Waridi zinazokwenda Umoja wa Ulaya zina masharti ya FCM (false codling moth, nondo ambaye viwavi wake hushambulia matunda na maua) tangu 26 Aprili 2025. Tamko la ziada kwenye fito linakiliwe neno kwa neno. Usilipambe, hii si barua ya posa.

Kijana wetu alituma masahihisho jioni ile ile, na yule mkulima akarudi kuchuma. Mama wa Embu naye yumo kwenye kundi. Alijibu kwa maneno mawili: "Uingereza gani?" Kijana akaja mezani kwangu na simu mkononi, akitaka nimwambie ajibu nini. Nikamsogezea orodha zote mbili, nikaendelea na kazi yangu.