Godfather ya tatu imeonewa tu

Mkuu, umeuliza kama uishie ya pili kwa vile watu wanasema filamu ya tatu ya The Godfather (1990) ni takataka. Wapuuze. Sofia Coppola alipwaya kwenye kuigiza, hilo sibishi. Ila subiri Michael, yule bosi wa mafia anayeigizwa na Al Pacino, aende kwa kadinali: kadinali anaokota jiwe majini, analipasua, ndani kukavu kabisa! Halafu Michael, mzee mzima, anaungama kwamba aliagiza kaka yake auawe, analia kama mtoto. Na zile ngazi za jumba la opera Palermo (samahani, nakumwagia uhondo), Al Pacino kaachama mdomo, sauti haitoki. Nilisimamisha filamu nikatoka nje kwanza. Ukiweza tafuta toleo alilolihariri upya mwongozaji, Francis Ford Coppola, mwaka 2020, ni fupi kidogo.