Hela nilikupa wewe

Mwaka jana, msimu wa palizi ya mikorosho, bibi mmoja wa kijiji cha upande wa Naliendele alikuja steshenari kwangu, hapa Mtwara mjini, kuandikiwa barua. Jirani yake alikuwa amesogeza mpaka na kumeza mikorosho yake mitatu. Aliihesabu kwa vidole: mmoja aliupanda marehemu mumewe, miwili ilijiotea yenyewe. Nilimsikiliza nusu nusu. Nilikuwa natoa kopi za vyeti vya kijana mwingine, printa inakwamisha karatasi, na foleni imefika mlangoni. Basi nikafanya kitu ambacho nilikuwa nimeanza kukizoea. Nikafungua programu ya akili mnemba, ile AI, kwenye simu, nikaieleza kisa kwa mistari miwili, nikaiambia iandike barua ya malalamiko kwa mtendaji wa kata na itie vifungu vya sheria ili barua iwe na uzito.

Haikumaliza dakika. Na ilikuwa barua nzuri, sikatai, kuliko zangu zote. Ilitaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ambayo ipo kweli. Ikataja na kifungu chake, chenye namba na herufi ndogo kwenye mabano, kimekaa kiheshima kama shehe kwenye mkeka wa mbele. Nikaprinti, nikamsomea bibi, akaweka dole gumba, akanipa elfu tatu.

Siku ya kikao nikapigiwa kwa simu ya mjukuu wake: njoo haraka. Nilipofika, kijana mmoja wa upande wa jirani, anayesoma sheria chuoni, alikuwa ameifungua sheria yenyewe kwenye simu yake. Kifungu kile kilizungumzia jambo jingine kabisa. Maneno yaliyowekwa ndani ya alama za kunukuu hayakuwemo popote. Watu walishaanza kumtazama bibi kama mtu aliyeghushi. Mtendaji akaniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenifokea, "Ndugu mwandishi, hiki umekitoa wapi?"

Nikajibu mbele za watu: "Mheshimiwa, hiyo ni kompyuta ndiyo iliyoandika."

Bibi akanigeukia. "Mwanangu, huyo kompyuta mimi simjui. Hela nilikupa wewe."

Baraza zima likacheka. Nilirudi mjini na bodaboda ileile iliyonipeleka, bila kusema neno njia nzima. Ninayoyaandika hapa ni kwa wenzangu wa steshenari, kwa walimu wanaotungia mitihani kwenye akili mnemba, kwa makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika, na kwa yeyote ambaye amewahi kusema "simu imesema" kama vile simu ina mdomo.

Tuanze na hapo kwenye kusema, maana Kiswahili chetu kinatupa maficho ya bure. "Mtandao unasumbua." "Mfumo umekataa." "Mfumo haukutambui." Kila mwenye korosho anaijua hii. Mjomba wangu aliwahi kupeleka kilo 640 ghalani na karatasi yake mkononi, halafu kwenye orodha ya malipo akakuta 460. Alipouliza akaambiwa, "Mzee, mfumo ndivyo unavyosoma." Akarudi nyumbani ameridhika, kwa sababu utagombanaje na mfumo? Ni binti yake aliyerudi kesho yake na swali moja tu: "Nani aliingiza hizi namba?" Chumba kikanyamaza. Baada ya nusu saa kilo zikapatikana. Mtu alikuwa amegeuza tarakimu, basi. Mfumo ulisoma alichoandika mtu.

Akili mnemba imekuja na kukalia kiti hichohicho cha "mfumo", ila yenyewe inaongea vizuri zaidi, kwa hiyo tunaiamini zaidi. Nadhani na jina linachangia. Ukimwambia mtu "akili", anawaza kichwa, nia, utashi. Mzee mmoja jirani yangu pale Magomeni ana hakika ni jini aliyefungiwa, na mwanawe aliyesoma ana hakika hivyohivyo, ila yeye anaita "teknolojia ya hali ya juu". Wapo wanaosema akili unde, na mimi neno hilo nalipenda, kwa sababu ndani yake unasikia kuunda, na kilichoundwa kina muundaji. Jina la Kiingereza lenyewe, artificial intelligence, halikushuka kutoka mbinguni. Liliandikwa mwaka 1955 na John McCarthy na wenzake watatu katika andiko la kuombea fedha za warsha ya utafiti, iliyofanyika Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Wenzangu mnaoandika maandiko ya miradi mtanielewa: jina la mradi lazima limvutie mfadhili.

Sasa kilichomo ndani. Mimi si mtaalamu, ila baada ya aibu ile nilisoma, na naweza kukueleza kama nilivyoeleweshwa. Nikisema "haraka haraka", wewe umeshamalizia kabla sijafunga mdomo. Hukufikiri. Umeisikia mara nyingi, neno linajileta. Programu hizi zimepitishwa kwenye maandishi mengi kupita yote ambayo binadamu mmoja angeyasoma akizaliwa mara elfu, na kazi yake ni hiyohiyo: kutafuta neno gani kwa kawaida hufuata. Nilipoiomba kifungu cha sheria, ilinipa kitu kinachofanana na kifungu cha sheria. Haikunidanganya, maana ili udanganye lazima uujue ukweli kwanza kisha uukwepe. Yenyewe ilimalizia methali.

Ndiyo maana nawacheka vijana wa kijiwe cha bodaboda mbele ya duka langu wanaoiomba mikeka ya kubeti mpira. Mmoja aliniambia, "Kaka, hii kitu inajua mpaka matokeo ya Jumamosi." Jumamosi mkeka ukachanika kwenye mechi ya kwanza. Hakuilaumu, alisema aliuliza vibaya. Mtu akishaamini kiasi hicho, hata kosa linakuwa la kwake, isipokuwa pale ambapo kosa ni la kwake kweli.

Nilidhani kituko changu ni cha ushamba wa Mtwara. Kumbe. Mwezi Juni 2023 mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi za kubuni walizopewa na ChatGPT, programu ya akili mnemba. Mawakili, wenye maktaba! Na ipo nyingine iliyonifurahisha hata zaidi. Nchini Kanada, abiria aliyefiwa na bibi yake aliuliza kuhusu nauli ya wafiwa kwenye programu ya maongezi ya tovuti ya shirika la ndege, Air Canada. Programu ikamwambia akate tiketi kwanza, punguzo ataomba baadaye. Alipoomba, shirika likakataa: utaratibu haupo hivyo. Walipofika kwenye baraza la usuluhishi, shirika likajitetea kwamba ile programu ni kama chombo kinachojitegemea na kinawajibika kwa matendo yake. Februari 2024 baraza likalikatalia, likasema tovuti ni ya shirika na yote yaliyomo ni ya shirika, likaliamuru limlipe. Niliposoma nikaisikia sauti ya yule bibi wa mikorosho. Tofauti ni kwamba hukumu ya Kanada ina kurasa kadhaa na ya bibi ilikuwa na maneno matatu.

Lakini nisije nikakufanya uitupe simu baharini. Kuna upande wa pili na nimeuona kwa macho, kwenye shamba la mihogo la mama yangu mdogo kule Mchinga, Lindi.

Nilimwekea kwenye simu programu inayoitwa PlantVillage Nuru. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo, inakwambia inaona ugonjwa wa batobato, au wa michirizi ya kahawia, au wadudu, na inafanya kazi hata bando likiisha. Imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania cha Marekani pamoja na watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, na chimbuko lake linanipendeza. Katika utafiti wa mwanzo uliochapishwa 2017, mashine ilifundishwa kwa picha 2,756 zilizopigwa kwenye mashamba ya majaribio nje kidogo ya Bagamoyo. Pwani hiihii yetu. Mtu aliinama juani akapiga picha jani, mtaalamu akatazama akasema hili linaumwa nini, halafu jani lingine, na lingine. Ukiona simu "inajua" batobato, unaowaona ni wale watu.

Mama mdogo alipima majani, simu ikasema hakuna tatizo. Akafurahi, akanipigia, akasema majirani wanataka pingili za mbegu kwake, awagawie? Nikamjibu nikiwa dukani, mkono mmoja kwenye mashine ya kulamineti: "Kama simu imesema safi, wape."

Bahati nzuri afisa ugani alipita kabla. Ni mtu wa maneno machache. Hakutoa simu, aliomba panga. Akang'oa shina moja, akaosha muhogo mmoja kwa maji ya ndoo, akaukata mviringo. Kwa nje haukuwa na neno. Ndani, katikati ya nyama nyeupe, kulikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. Akakata wa pili, yaleyale. Michirizi ya kahawia inaweza kukaa kwenye mzizi huku majani ya juu hayakupi dalili ya kueleweka, na husafiri kwa pingili. Zile pingili zingeingia kwenye mashamba ya watu, na msimu uliofuata wangeng'oa takataka.

Mama mdogo akasema, "Hii simu yako imenidanganya." Hapana, mama. Simu iliulizwa habari za jani, ikajibu habari za jani. Kamera haichimbi. Aliyesema "wape" ni mimi, niliyegeuza jibu la jani kuwa ruhusa ya shamba zima. Na programu ile bado anaitumia, kwa batobato inamsaidia sana. Ila siku hizi kabla ya kugawa mbegu anang'oa kwanza.

Kuhusu matapeli nitasema kwa kifupi, maana tunawajua. Zinazunguka video za viongozi na watu maarufu wakitangaza mikopo ya papo kwa papo, uso ni wao na sauti ni yao, na wao hawakusema chochote. Mteja wangu mmoja aliyeliwa laki na nusu aliniambia, "Nimetapeliwa na akili mnemba." Ndugu yangu, "tuma kwenye namba hii" ilikuwepo kabla. Namba uliyotumia pesa ina mtu nyuma yake. Ukienda kuripoti taja namba, saa na kiasi. Ukitaja akili mnemba, askari ataandika nini?

Na mtu yupo hata kwenye kazi tusiyoiona. Januari 2023 jarida la Time liliandika habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu kupindukia na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijifunze kutoyatema. Ile adabu unayoisifia kwenye mashine, kuna kijana wa Kenya alikosa usingizi kwa ajili yake.

Dukani kwangu sasa mambo yako hivi. Akili mnemba bado naitumia: kupanga wasifu wa kuombea kazi, kusahihisha Kiingereza cha barua, kupata pa kuanzia pale kichwa kinapogoma. Lakini ikitaja sheria, tarehe, bei au kipimo cha dawa, sikiprinti mpaka nimekiona kwenye chanzo chake kwa macho yangu. Salfa, dawa ya mikorosho, ndiyo siiulizi kabisa, watafiti wa korosho wa Naliendele wapo, na ni nauli ya bajaji tu. Namba za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya hospitali vya wateja sivitii humo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, mtu amenipa cheti chake nimtolee kopi, hajanipa nikakigawe. Na chini ya kila barua naandika kwa herufi ndogo: imeandaliwa na, jina langu, namba yangu ya simu. Mwanzoni mke wangu aliona najitafutia kesi. Nikamwambia kesi ilikuwa yangu tangu zamani, nilichoongeza ni anuani.

Inanichelewesha. Barua iliyokuwa dakika tano sasa ni nusu saa, na nimepandisha bei kwa elfu moja, wengine wamehamia kwa jirani. Wengine wamerudi.

Ya bibi niliiandika upya bila malipo. Safari hii nilimsikiliza mpaka mwisho, na ndipo nikasikia ambacho mara ya kwanza kilinipita kwenye kelele za printa: ule mkorosho wa mumewe una alama ya panga waliyoiweka yeye na huyo jirani pamoja, siku walipogawana mpaka, na mashahidi wawili wako hai. Barua haikuwa na kifungu hata kimoja. Ilikuwa na mkorosho, alama, na majina mawili. Mpaka ukarudishwa.

Mwezi wa kumi na moja alikuja tena na mabibo kwenye ndoo, zawadi, na shida mpya ya mjukuu na cheti cha kuzaliwa. Akaketi kwenye benchi, akaitazama simu yangu iliyokuwa juu ya meza.

"Huyo mwenzako," akasema, "leo mtoe nje kwanza."

Nikaitia mfukoni, nikavuta karatasi.