Bampa la MGB lenye vishimo vya kutu: lisuguliwe au lichovywe upya?

Ndugu, umesema bampa la mbele la MGB yako ya 1967, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, lina madoa ya kutu, na fundi anataka kulipiga rangi ya fedha. Mkatalie. Rangi hiyo haifanani na kromu hata kidogo.

Kwanza chukua kipande cha foili ya jikoni, kiloweshe maji, usugue taratibu. Kutu ya juujuu itatoka. Kisha pitisha ukucha: ukinasa, kutu imeshaingia kwenye chuma, na itarudi hata ukisugua vipi.

Hapo ni kuchovya upya, yaani kulivika bampa kromu mpya kwa umeme ndani ya beseni la kemikali. Kromu yenyewe ni utando mwembamba mno. Mng'ao unaouona unatokana hasa na nikeli iliyo chini yake, na chini ya nikeli huwekwa shaba ya kujazia vishimo. Kwa hiyo muulize fundi kama anaweka shaba na kuisugua kabla ya nikeli. Akibabaika, tafuta mwingine. Mikunjo inyooshwe kabla, maana kromu haifichi kitu, huanika.

Kulifungua, nyunyizia boliti mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake, na tumia spana za inchi. Za milimita zitakula vichwa. Zile pembe mbili zinazosimama kwenye bampa zichovywe pamoja na bampa, mng'ao ulingane.

Usijaribu kuondoa kromu nyumbani kwa asidi wala grinda. Baadhi ya kemikali za kromu husababisha saratani. Mwachie mwenye karakana inayojua kutupa maji yenye kemikali hizo.

Likirudi, paka upande wa nyuma praima ya zinki, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu. Mara nyingi kutu huanzia huko.