Viwavi weusi wametoka wapi, na wamekwenda wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mvua zilipoanza baada ya kiangazi kirefu, viwavi weusi wengi mno walivamia malisho yetu, wakala nyasi hadi shinani na kuingia kwenye mahindi, ila mihogo na maharage hawakugusa. Baada ya siku chache hatukumwona hata mmoja. Je, wamekufa? Na ng'ombe warudi malishoni?
Msomaji, Bweyale, Kiryandongo, Uganda

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Maelezo yako yanafanana kabisa na ya viwavijeshi, watoto wa nondo mdogo wa rangi ya kijivu anayeruka usiku, na kwa kawaida hula mimea ya jamii ya nyasi tu, yaani mahindi, mtama, ulezi, mpunga na malisho, ndiyo maana mihogo yako imesalimika. Hawakufa. Chimbua udongo sentimita 2 au 3 katika sehemu walipokuwa wengi, utakuta pupa, yaani kiwavi anayegeuka kuwa nondo, wa kahawia anayeng'aa, na baada ya siku 7 hadi 12 hivi atatoka akiwa nondo.

Nondo hao huenda wasitage hapo kwako, kwa kuwa upepo huweza kuwachukua zaidi ya kilomita 100. Aghalabu milipuko ya mwanzo hutokea Tanzania na Kenya, kisha nondo hufika Uganda, na mvua inaponyesha hutua pamoja na kutaga mahali pamoja. Viwavi wakiwa wachache huwa kijani na hujificha. Wakisongamana hugeuka weusi, na hapo ndipo wengi wetu tunapowaona, tukiwa tumeshachelewa. Kwa hiyo, siku chache baada ya mvua za kwanza, pita malishoni ukifunua majani kwa mkono.

Usiwachanganye na viwavijeshi vamizi kutoka Amerika, waliothibitishwa Uganda mwaka 2017, ambao hujichimbia ndani ya moyo wa muhindi na kuacha kinyesi kama unga wa mbao. Hao huonyesha madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia.

Kuhusu ng'ombe, nakusihi usiharakishe, kwani imewahi kutokea mifugo kufa kwa sumu baada ya kulishwa nyasi zilizotafunwa na viwavi hawa muda mfupi uliopita. Subiri angalau wiki moja majani yachipue vizuri, na kama dawa imepulizwa, fuata muda ulioandikwa kwenye chupa na umwone afisa kilimo wa kata yenu.