Kabla hujalaumu mapafu yako, kagua kile kitobo

Jumatatu usiku, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la nne, uliingia ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Urambo. "Shikamoo dada. Nimeachiwa basuni ya zamani na padri aliyehama. Sauti za kati zinatoka vizuri, ila nikishuka chini zinaruka juu zenyewe. Mwalimu wa kwaya anasema sina pumzi, nirudi kwenye ngoma. Nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Niliusoma mara tatu, nikaweka kalamu nyekundu chini. Hayo maneno ya "huna pumzi" niliambiwa na mimi, hapa hapa Tabora, mbele ya kwaya ya watu arobaini, na mpaka leo nikiyasikia tumbo hukaza. Ndiyo maana jibu langu limekuwa refu, nikaona niliweke hapa. Najua wapo wengine wenye ala ambayo mji mzima hauna wa kuwafundisha.

Kwa ambao hawajaiona, basuni ni ndugu mkubwa wa zumari. Ukimtazama mpiga zumari wa pwani, mashavu yamejaa na ule ulimi wenye vipande viwili vinavyotetemeka, yaani ridi, uko mdomoni, umeshaelewa nusu ya kazi. Tofauti ni ukubwa. Bomba la basuni lina urefu wa takriban mita 2.5, limekunjwa likarudi juu, ndiyo maana likisimama halizidi sana mita 1.3. Waitaliano huiita fagotto, yaani furushi. Watu wengi hudhani ala zote za mbao za Ulaya hutengenezwa kwa mpingo wetu. Klarineti na oboi ni kweli, lakini basuni hutengenezwa kwa mti wa mepo (maple), ambao ni mwepesi zaidi. Mtunzi Mozart aliiandikia konseti, yaani muziki wa ala moja ikiongoza okestra, mwaka 1774, akiwa na miaka 18. Mtunzi mwingine, Vivaldi, aliiandikia konseti 39, mbili kati yake hazikukamilika. Huyu Vivaldi alifundisha muziki kwenye kituo cha wasichana yatima pale Venice, na wasichana wale walipiga kila ala, basuni ikiwemo. Nimeyashika hayo kwa kichwa kwa sababu sijui nimeambiwa mara ngapi kwamba hili bomba si la mwanamke.

La kwangu lilikuja kwenye kontena la marafiki wa kanisa kutoka Ujerumani, pamoja na tarumbeta na tromboni. Tarumbeta ziligombaniwa siku ile ile. Sanduku la basuni likakaa stoo miaka miwili, viti vya plastiki vimepangwa juu yake. Nilipomwomba mzee wa kanisa akasema, "Chukua tu mama, panya wasije wakaimaliza." Nililibeba hadi nyumbani kwa bodaboda, nikalifungua kitandani. Vipande vinne vya mbao nyekundu, shingo ya chuma iliyopinda kama mkia wa ng'ombe akifukuza nzi, na ridi moja iliyopasuka. Nilikaa nalo mpaka saa nane usiku bila kupuliza chochote, nikiangalia tu vile vibonyezo. Kidole gumba cha kushoto peke yake kina kazi ya vibonyezo kama tisa. Na mimi nilikuwa mwimbaji wa sauti ya pili niliyejua solfa tu, ile ya do-re-mi. Nota za mistari nilizijua kwa kuziona kwenye jalada la kitabu.

Siku za kujifunza nota sitazisimulia, zilikuwa nyingi na zinafanana. Nianze pale nilipoingia kwenye bendi.

Nilikuwa nimeshaweza nyimbo sita. Sauti za kati zilikuwa nzuri, watu walisema zinafanana na mzee anayeimba akiwa peke yake. Tatizo lilikuwa chini. Nikishuka kwenye ile sauti ya mwisho wa ubeti, pale besi inapotakiwa kutua, basuni ilikuwa inaruka juu kwa oktava nzima na kupiga kelele. Siku ya mazoezi ya Krismasi mwalimu alisimamisha kwaya, akanyoosha kidole. "Dada, huna pumzi. Hilo bomba linatuharibia wimbo." Watu walicheka. Mmoja wa waliocheka alikuwa rafiki yangu wa tangu shule, na sijawahi kumwambia kwamba nilimwona.

Nikaamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko. Kwa miezi kumi na minne niliamini kwamba kifua changu ni kibovu. Nilikuwa naamka saa kumi na moja kukimbia hadi Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi na kurudi. Nikanywa tangawizi, nikala mayai mabichi kwa sababu jirani alisema yanafungua koo. Niliwahi hata kwenda hospitali kupima mapafu, daktari akanishangaa. Mapafu mazima. Nikatoka pale nikilia, kwa sababu sasa sikuwa hata na ugonjwa wa kusingizia.

Aliyenitoa huko hakuwa mwanamuziki. Ni fundi cherehani mmoja wa sokoni, mzee mtulivu, nilimpelekea mfuko wa ala ashone zipu. Aliomba kuiona ilivyo ikiunganishwa ili apime. Akavaa miwani, akaanza kuikagua kama anavyokagua mashine zake. Kwenye shingo ya basuni, karibu na pale inapoingia kwenye mbao, kuna kichuchu kidogo chenye kitobo cha kupitisha ncha ya sindano. Juu yake kinakaa kifuniko kidogo chenye pedi, na wapigaji hukiita kibonyezo cha kunong'ona. Ukishuka chini, gumba la kushoto linakishikilia kifunge kile kitobo. Ukipanda juu, unakiachia. Kisipofunga sawasawa, sauti ya chini haikai, inaruka.

Yule mzee hakuyajua hayo. Alichukua uzi mweupe, akaupitisha katikati ya kifuniko na kitobo, akaniambia, "Bonyeza." Nikabonyeza. Akauvuta. Uzi ukatoka laini, kama hakuna kilichoushika. Akaniangalia juu ya miwani. "Mama, hiki hakifiki." Akatoa koleo ndogo, akazungushia kitambaa mkono wa kile kibonyezo, akaukunja kidogo sana, nafasi ya unene wa kucha. Uzi tena. Bonyeza. Vuta. Safari hii uzi ulikataa.

Nilipulizia pale pale, katikati ya vitenge na mashati ya sare za shule. Sauti ya chini ikatoka, ikakaa, meza ya kukatia nguo ikatetemeka. Miezi kumi na minne ya kukimbia asubuhi, na ubovu ulikuwa unene wa kucha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: pitisha uzi. Kabla hujanywa tangawizi, pitisha uzi. Angalia pia kama shingo imegeuka ikakwepa kifuniko, na kama kitobo chenyewe hakijazibwa na mate yaliyoganda au vumbi, maana vumbi letu la Agosti mnalijua.

Ushauri wa pili ni ridi. Ridi hutengenezwa kwa aina ya tete linaloota sana kusini mwa Ufaransa, na ndiyo inayoimba. Yale mabomba yote yanaikuza tu. Nilijaribu kutengeneza kwa matete ya bondeni, nikapoteza likizo nzima. Yetu ni membamba mno. Tete la ridi ya basuni linahitaji upana wa karibu milimita 25 kabla ya kupasuliwa. Agiza. Moja iliyonifikia hapa ilinigharimu elfu themanini na tano, kwa hiyo naitunza kama yai. Iloweke kwenye maji dakika mbili tatu, usiisahau humo. Ipulize peke yake kwanza: ikitoa mlio mkali wenye sauti mbili tatu zikikwaruzana, iko hai. Mdomo wake ukiwa umefumbana sana, bana waya wa kwanza taratibu kwa ubavuni, utafunguka. Ukimaliza kupiga usiifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa, itaota ukungu. Kiangazi chetu hiki kikavu kimenipasulia ridi tatu, zote nilizoziacha dirishani.

Hapa Tabora tuna bahati moja ambayo wenzetu wa kule hununua dukani: nta. Maungio ya basuni yangu yamezungushiwa uzi, na uzi huo unatakiwa kupakwa nta ili vipande viingie bila kulegea. Nta ya nyuki wa miombo, ile ile ya wauza asali wetu, inafanya kazi hiyo vizuri kabisa. Na ukimaliza kupiga, mwaga maji yaliyokusanyika kwenye kipande cha chini, pitisha kitambaa. Mbao inaoza kimyakimya.

Ushauri wa tatu, sauti ndefu. Kila siku, sauti moja moja, mpaka pumzi iishe. Kisha chukua kitabu cha nyimbo chenye sauti nne, piga mstari wa besi, maana basuni husoma besi kama ilivyoandikwa. Hakuna kitabu cha mazoezi kilichonifundisha kuliko hicho. Halafu rudi kwenye sauti ndefu. Na kabla ya sauti ndefu, uzi.

Vijana, nawaomba, msikubali hukumu ya mtu ambaye hajaigusa ala yako. Akikwambia huna pumzi, muulize amekagua nini. Na wewe mwenyewe usiwe mwepesi wa kujihukumu. Nimewaona wanafunzi wangu wakiambiwa "huyu hana kichwa cha hesabu", kumbe mtoto haoni ubao. Nawahamisha waketi mbele. Wengine inatosha.

Pasaka hii tulipiga ibada ya alfajiri. Besi ya mwisho ya wimbo wa kufungulia ilikuwa yangu peke yangu, na nilitua pale chini, nikashikilia mpaka kwaya ikageuka. Wazee walinipa mkono. Mwalimu wa kwaya alifunga kitabu chake, akapita mlango wa pembeni. Hajaniambia neno, na nakiri kwamba bado nalisubiri.

Mdogo wangu wa Urambo, usirudi kwenye ngoma. Jumamosi sina vipindi. Panda basi la asubuhi, uje na ala yote, usiache shingo nyumbani. Uzi ninao.